Kwenda Ujerumani kwa ujuzi wako: mwongozo kamili kwa aliyeko Uganda

Kwa Kiganda, kyeyo ni ufagio. Ndugu zetu waliotangulia Ulaya na Marekani walifagia maghala na ofisi, na jina likaganda, hata leo daktari akienda London mtaani watasema ameenda kyeyo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuvuka na kazi aliyosomea: fundi umeme, muuguzi, mhandisi, mtu wa programu za kompyuta. Nimechagua nchi moja tu, Ujerumani. Ndiyo niliyoipitia mwenyewe nikiwa fundi umeme mzaliwa wa Busia, na sheria yake ya wenye ujuzi imeandikwa wazi. Ilianza kutumika Machi 2020, kisha ikalegezwa kwa awamu kati ya Novemba 2023 na Juni 2024.

Kampala watu wengi huanzia mwisho. Wanaulizana nani anajua mtu wa viza, wanauza kiwanja, wanalipa, ndipo wanaanza kutafuta cheti cha diploma kiliko. Viza ni karatasi ya mwisho kabisa. Kabla yake kuna hati zako, lugha, kutambuliwa kwa cheti, na mwajiri. Ukifuata mpangilio huo, pesa nyingi utakayotumia itaishia darasani na kwa mtafsiri, na kidogo sana itapita kwa watu wa katikati.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwa mlango gani

Mlango wa kwanza ni Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya. Unahitaji shahada inayotambuliwa na mkataba wa kazi unaolipa angalau yuro 50,700 kwa mwaka kabla ya makato. Hicho ni kiwango cha 2026. Mwaka 2025 kilikuwa 48,300, na hubadilika kila Januari. Kwa kazi zenye uhaba wa watu, kama uhandisi, udaktari, ualimu na teknolojia ya habari, na kwa aliyehitimu ndani ya miaka mitatu iliyopita, kiwango kinashuka hadi kama 45,900. Mtu wa kompyuta asiye na shahada naye anaweza kuipata akithibitisha miaka mitatu ya kazi hiyo katika saba iliyopita.

Wa pili ni wa mafundi ambao cheti chao kimetambuliwa kuwa sawa na cha Ujerumani. Hapa hakuna kiwango maalumu cha mshahara, isipokuwa kwa anayeingia mara ya kwanza akiwa na zaidi ya miaka 45, lakini lazima ulipwe kama Mjerumani anayefanya kazi hiyohiyo. Mimi nilipita huku.

Wa tatu ni wa uzoefu. Kama una mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya Uganda, na umefanya kazi hiyo miaka miwili katika mitano iliyopita, unaweza kwenda bila cheti chako kutambuliwa Ujerumani, mradi mwajiri akulipe kama 45,600 kwa mwaka. Kwa fundi mgeni huo ni mshahara mkubwa, ndiyo maana mlango huu uko wazi na wanaoupita ni wachache. Tena haufai kwa kazi zinazodhibitiwa kwa leseni kama uuguzi.

Wa nne unaitwa ushirikiano wa utambuzi. Unakwenda ukiwa na mkataba na Kijerumani cha A2 (ngazi ya pili kati ya sita za lugha), kisha unamalizia utambuzi ukiwa hukohuko kazini, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Mwajiri lazima akubali kukusindikiza katika safari hiyo, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Wa tano ni Kadi ya Fursa, iliyoanza Juni 2024. Hii ni ya kwenda kutafuta kazi, mwaka mmoja, na unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki ukiendelea kutafuta. Lazima ufikishe pointi sita. Chukua kijana wa miaka 29: umri unampa pointi 2, kazi ya miaka miwili katika mitano iliyopita inampa 2, Kijerumani cha B1 kinampa 2. Amefika. Lakini kuna jiwe mlangoni: lazima aonyeshe pesa za kujikimu, yuro 1,091 kwa mwezi kwa kiwango cha 2025, nazo kwa kawaida zinawekwa kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo unatoa sehemu tu kila mwezi. Kwa mwaka ni yuro 13,092, zaidi ya shilingi milioni 50 za Uganda. Mwenye kiasi hicho na asiye na mkataba, ningemshauri atumie sehemu yake ndogo kufika B2 akiwa Kampala, halafu atafute mwajiri kutoka nyumbani.

Hatua ya 2: Majina yafanane

Hakuna anayependa kuambiwa hili, ila ndilo lililonichelewesha miezi minne. Kwetu jina la mtu hubadilika njiani. Cheti cha msingi kina majina mawili, cha baraza la mitihani, UNEB, kina matatu, kitambulisho cha taifa kimegeuza la mwisho likawa la kwanza, na karani mmoja aliandika "l" mahali pa "r". Afisa wa Ujerumani hajui kwamba Okello Juma na Juma Okello ni mtu mmoja. Kwake hao ni watu wawili, na mmoja wao anatumia cheti cha mwenzake.

Tandika hati zako zote mezani: cheti cha kuzaliwa kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili), kitambulisho cha taifa, vyeti vya sekondari vya UCE na UACE, diploma au shahada pamoja na karatasi ya alama, leseni ya kazi, barua za waajiri. Angalia kila herufi na kila tarehe. Penye tofauti, rekebisha kwanza NIRA, maana pasipoti inafuata kumbukumbu za NIRA. Tofauti ndogo kwenye vyeti vya shule wakili atakuandalia hati ya kiapo. Ukishamaliza hapo ndipo uombe pasipoti; ya kawaida ni shilingi 250,000, na maombi yanajazwa mtandaoni.

Barua za kazi zinahitaji jicho pia. Ile barua ya kwetu ya mistari mitatu, "huyu amefanya kazi kwetu na ana tabia nzuri," haina faida huko. Mwombe mwajiri aandike kazi zenyewe: nyaya za nyumba au za viwanda, mitambo gani, saa ngapi kwa wiki, tangu mwezi upi hadi upi. Bosi wangu wa zamani wa Jinja aliniambia niandike mwenyewe yeye atie sahihi. Niliandika, akasoma, akafuta mawili ambayo sikuwahi kuyafanya, akatia sahihi. Nashukuru alifuta, kwa sababu baadaye alipigiwa simu.

Hapo ndipo nitaje Nasser Road. Sote tunajua mtaa ule unachapa kadi za harusi na mabango ya kampeni, na tunajua pia sifa yake nyingine. Usithubutu. Mamlaka za Ujerumani zinaweza kuagiza hati zako zichunguzwe hapahapa Uganda, chuoni na kwa baraza lililotoa leseni. Karatasi moja ya bandia inaua zile tisa za kweli.

Hatua ya 3: Kijerumani, na kianze leo

Ngazi ni sita, A1 hadi C2. Kufika B2 kunahitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45, kwa hiyo ukisoma kila siku ni kama mwaka mmoja, na ukisoma jioni baada ya kazi hesabu mwaka na nusu au zaidi. Kampala kuna Goethe-Zentrum pale Kamwokya, Makerere wanafundisha Kijerumani, na Nairobi kuna Goethe-Institut kwa wa Busia na Tororo ambao basi la Nairobi si mbali kwao. Vyeti vinavyokubalika ni vya Goethe, telc na ÖSD. Cheti cha kozi, hata kiwe na muhuri mkubwa namna gani, hakihesabiwi kama mtihani. Na usifanye mtihani mapema mno, kwani mara nyingi wanataka cheti kisichozidi mwaka mmoja siku ya kuomba viza.

Kwetu wasemaji wa Kiswahili kuna msaada mdogo. Tumezoea ngeli, kwa hiyo habari ya kwamba meza ni ya kiume na taa ni ya kike haitutishi sana. Tunajua jina huburuta maneno mengine nyuma yake. Kinachotesa ni kitenzi kukaa mwisho wa sentensi. Unasikiliza mpaka nukta ndipo ujue mtu alifanya nini.

Wa kompyuta wataniambia kampuni za Berlin zinafanya kazi kwa Kiingereza. Kweli, nyingine zinafanya hivyo. Ila mwenye nyumba, daktari na ofisi ya wageni hawafanyi.

Hatua ya 4: Cheti kitambuliwe

Kazi za Ujerumani zina makundi mawili. Zinazodhibitiwa, kama udaktari, uuguzi na ualimu wa shule za serikali, huwezi kuzigusa bila kibali. Zisizodhibitiwa, kama uhandisi wa programu, unaweza kuzifanya bila kibali hicho, ingawa viza yenyewe itadai uthibitisho wa elimu.

Mwenye shahada aanze na anabin, hifadhidata ya wazi mtandaoni. Tafuta chuo chako. Kikiwa na alama ya H+ na shahada yako ikaorodheshwa kuwa inalingana, chapa kurasa hizo uziweke na hati zako. Isipoorodheshwa, unaomba tamko la ulinganisho kutoka ofisi ya ZAB iliyoko Bonn, kwa yuro 208.

Fundi ana njia ndefu zaidi. Kazi za viwandani na biashara huenda IHK FOSA, ofisi ya utambuzi iliyoko Nuremberg. Za ufundi wa mikono huenda chemba ya mafundi ya eneo unakotaka kufanyia kazi. Ada ya IHK FOSA ni kati ya yuro 100 na 600. Wanalinganisha mtaala wako na wao, somo kwa somo, kwa hiyo nenda chuoni kwako ukaombe mtaala wa mwaka uliosoma wewe. Cheti cha DIT (kurugenzi ya mafunzo ya viwandani ya Uganda) cha kupimwa ujuzi ni kizuri kukiambatisha, lakini kama hukukaa darasani miaka miwili hakitoshi peke yake.

Majibu ni matatu: sawa kabisa, sawa kwa sehemu, au hapana. Wengi wetu tunapata la pili, nami nililipata mara ya kwanza. Nilikosa mifumo ya kisasa ya usalama wa umeme. Usilie. Jibu la sehemu linaorodhesha unachokosa, na kwa orodha hiyo unaweza kwenda kusoma na kufanya kazi hukohuko, na kwenye Kadi ya Fursa linakupa pointi 4 kwa mkupuo. Hujui pa kuanzia? Kuna ofisi ya ushauri ya ZSBA inayomhudumia aliye nje ya Ujerumani bila malipo, unawaandikia barua pepe.

Tafsiri zifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Nilimlipa mtafsiri wa bei nafuu hapa, nikairudia kazi yote kwa aliyeapishwa Ujerumani kwa kutumia nakala nilizopiga picha.

Wauguzi, simameni hapa kidogo

Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 yenye nchi 55 ambazo hazina wahudumu wa afya wa kutosha. Ujerumani imeliingiza jambo hilo katika kanuni zake: kutoka nchi za orodha hiyo, wakala binafsi haruhusiwi kuajiri wahudumu wa afya kwenda Ujerumani. Kazi hiyo imeachiwa Shirika la Ajira la Serikali ya Ujerumani peke yake. Muuguzi mwenyewe hajazuiwa. Anaweza kuomba kazi kwa mkono wake na kuandikiana na hospitali moja kwa moja. Basi mtu akikufuata Wandegeya na kukuambia ana nafasi 20 za wauguzi Ujerumani, na ada ni milioni kadhaa, unajua tayari uzungumze naye vipi.

Muuguzi anahitaji B2, leseni hai ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, barua ya usajili mzuri kutoka barazani, hati ya tabia njema ya polisi inayotolewa na ofisi ya Interpol, na uthibitisho wa kinga ya surua. Hilo la surua watu wanalisahau: tangu Machi 2020 ni sharti la sheria kwa wanaofanya kazi hospitalini.

Hatua ya 5: Mwajiri, na jinsi ya kumjua wa kweli

Tafuta kwenye tovuti ya serikali ya Ujerumani iitwayo Make it in Germany na kwenye ukurasa wa kazi wa Shirika la Ajira. Wasifu uwe wa kurasa mbili, wa jedwali, miezi na miaka bila pengo. Ukikaa nyumbani miezi sita kumuuguza mama, andika hivyo. Pengo lisiloelezwa linawatia shaka kuliko pengo lenye sababu. Mimi nilituma maombi kama 70, nikajibiwa 11, nikahojiwa mara tatu kwa video, mara moja umeme ukakatika katikati. Nilipowasha data ya simu na kurudi, yule mama wa kampuni aliuliza, kwa kuwa wewe ni fundi umeme, tatizo ni nini? Tulicheka. Nadhani pale ndipo nilipopata kazi.

Mkataba ukija, fanya uchunguzi wako. Jina la kampuni litafute kwenye daftari la biashara la Ujerumani, Handelsregister, ambalo tangu Agosti 2022 husomwa bure. Piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti ya kampuni, usipige ile iliyo kwenye barua. Mwajiri wa kweli hakutozi pesa upate mkataba, na mwenyewe anajaza fomu ya serikali ya tamko la ajira inayokwenda ubalozini. Asiyeijua fomu hiyo hajawahi kuajiri mgeni, au hana kazi.

Na kwa wakala yeyote wa Uganda: Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ina orodha ya kampuni zenye leseni ya kupeleka watu nje. Tazama jina, kisha tazama leseni inaisha lini. Binamu yangu alitazama jina tu. Leseni ilikuwa imekwisha, na milioni nane zikaenda nayo. Ofisi ilikuwa na kiyoyozi, bendera na picha ya ndege ukutani.

Hatua ya 6: Viza

Tangu Januari 2025 maombi ya viza za kazi yanajazwa kwenye lango la kidijitali la Wizara ya Nje ya Ujerumani: unapakia hati, zinakaguliwa, kisha unaitwa na hati halisi kutolewa alama za vidole. Orodha ya hati na utaratibu wa wakazi wa Uganda uko kwenye tovuti ya ubalozi wa Ujerumani Kampala. Soma iliyopo siku hiyo, usitumie picha ya WhatsApp ya mwaka jana. Ada ni yuro 75.

Kama mwajiri ana haraka, anaweza kuomba utaratibu wa kasi kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, kwa yuro 411. Ofisi hiyo inashughulikia utambuzi na idhini ya ajira kwa mpigo, halafu ubalozi unapata muda maalumu wa kujibu. Mwambie mwajiri kuhusu njia hii. Kampuni ndogo nyingi hazijui kama ipo.

Kwenye mahojiano wanakuuliza mambo ya kawaida: kampuni inafanya nini, mji uko wapi, utafanya kazi gani, utalala wapi. Jibu kwa Kijerumani kile unachokiweza. Aliyekariri anajulikana.

Hatua ya 7: Mshahara usiuzidishe na 4,000 haraka

Mkataba ukisema yuro 3,400 kwa mwezi, akili ya Mganda inazidisha papo hapo kwa shilingi 4,000 za kila yuro na kuona nyumba ya ghorofa Mukono. Subiri. Kuna kodi ya mapato, pensheni asilimia 9.3, bima ya ukosefu wa kazi 1.3, bima ya afya na bima ya matunzo ya uzeeni. Asiye na mtoto na amepita miaka 23 anaongezewa kidogo kwenye hii ya mwisho, kwa hiyo mwenye watoto asiache vyeti vyao vya kuzaliwa nyumbani. Mseja hubakiwa na kama 2,200. Toa kodi ya nyumba 700 pamoja na joto, chakula, usafiri, simu, na yuro 18.36 za redio na televisheni ambazo kila nyumba hulipa hata kama haina televisheni.

Tangazo la nyumba husema kodi baridi au kodi ya joto. Baridi ni chumba kitupu. Ya joto imejumlisha maji na kupasha nyumba moto. Dhamana kisheria haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na wengi hudai yote mitatu. Kwa hiyo ondoka na akiba ya angalau yuro 3,000, maana mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Ndani ya siku 14 baada ya kuhamia unajiandikisha kwenye ofisi ya mji, wanaita Anmeldung. Fikiria ni mwenyekiti wa LC1 wa kijijini kwetu, ila bila soda na bila maongezi. Unahitaji barua ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kwamba unakaa pale. Bila Anmeldung namba ya kodi haiji, na bila namba hiyo mshahara unakatwa kwa kiwango cha juu kabisa mpaka ipatikane.

Karani atakuuliza dini. Hakuulizi kwa mazungumzo. Ukijibu Mkatoliki, kila mwezi utakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato kulingana na jimbo. Sikuambii ujibu nini. Nakuambia ujue kabla hujafungua mdomo.

Kisha fungua akaunti ya benki, chagua bima ya afya ya umma, na weka miadi ofisi ya wageni mapema kabla viza haijaisha. Leseni ya udereva ya Uganda inatumika miezi sita, baadaye ni mtihani wa nadharia na wa barabarani, na kumbuka huko wanaendesha kulia.

Familia isubiri hadi upite kipindi cha majaribio, ambacho huwa hadi miezi sita. Mke au mume wa mwenye Kadi ya Bluu hadaiwi Kijerumani kabla ya kuja. Ukazi wa kudumu unaombwa baada ya miaka mitatu kwa fundi anayetambuliwa. Kwa mwenye Kadi ya Bluu ni miezi 27, au 21 akiwa na B1. Uraia ni baada ya miaka mitano, na tangu Juni 2024 Ujerumani haikulazimishi kuacha wa kwanza. Uganda nayo inaruhusu uraia wa nchi mbili, ila kwa maombi. Ukiamua kurudi kabla ya kuchangia pensheni miezi 60, unaweza kuomba urudishiwe michango yako mwenyewe miaka miwili baada ya kuondoka, kwa hiyo karatasi ya pensheni inayokuja kila mwaka usiitupe.